Gemu za Kusuka na Gemu za Kunyoa

Mwalimu alikuja saluni kwangu mara ya kwanza shule zilipofungwa, akiwa na mfuko wa rasta nyeusi na simu iliyojaa chaji. Alitaka nywele ndogo ndogo, zile za kudumu likizo nzima. Nikamwambia atakaa kwenye kiti mpaka achoke. Akasema hana neno, atacheza gemu.

Saluni yangu iko Katesh, kwenye safu ya maduka yanayotazama barabara, na upepo wa mlimani ukianza unaingia moja kwa moja mpaka kwenye draya. Chumba nilipanga kwa mama mwenye duka la vitenge pale pembeni. Wote tulimwita Hajati, kwa sababu alishakwenda Maka, na kwa sababu mwenyewe alipenda kuitwa hivyo. Upepo ukizidi, alikuwa anafunga nusu ya mlango wa duka lake na kuja kukaa kwenye benchi langu, eti kuniangalizia wateja.

Msusi haoni mengi zaidi ya kichwa kilicho mbele yake na kitu ambacho mwenye kichwa amekishika mapajani. Kwa hiyo siku ile nilitazama gemu bila kupenda. Ilikuwa gemu ya kilimo. Mwalimu alikuwa na trekta jekundu na shamba la ngano lisilo na mwisho, na kila alipopita, ngano ilijikata yenyewe na kujipanga kwenye magunia.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa upande wa Dongobesh. Nyumbani tunalima mahindi na vitunguu swaumu, na kaka yangu aliwahi kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano kule Basotu. Sikuweza kunyamaza.

"Mwalimu, hilo shamba ni lako?"

"Ni langu. Nimepewa bure."

"Na ndege wako wapi?"

"Ndege gani?"

"Wanaokula ngano. Na shemeji zako wako wapi? Mtu amevuna magunia yote hayo, hakuna hata shemeji mmoja aliyepita kusalimia?"

Mwalimu alicheka mpaka kichwa kikanitoka mikononi. Trekta likavunja uzio, likaingia mtoni, likatokea ng'ambo likiwa safi kabisa.

"Hilo ndilo ninalolitaka mimi," nikasema. "Linaingia mtoni linatoka limeoga. La kaka yangu liliingia kwenye tope, likatolewa na ukoo mzima."

Sikujua kwamba Hajati alikuwa ananirekodi. Alikuwa ameelekeza simu yake kwenye kioo, kwa hiyo tulionekana wote: mwalimu na trekta lake, mimi na chanuo, na yeye mwenyewe pembeni akiwa ameziba mdomo kwa mtandio. Mwishoni akaniuliza, "Sasa tuambie, gemu hii ni nzuri au mbaya?"

Nikamjibu jibu la saluni. "Hajati, kuna kichwa ukikiona tu unajua hiki ni cha kusuka. Na kuna kichwa hata ufanyeje, dawa yake ni kunyoa. Gemu hii ni ya kusuka, ila kwa mtu ambaye hajawahi kulima. Aliyelima akiicheza atalia. Yeye anyoe."

Hajati aliituma video ile kwa ndugu zake wa Mbulu. Kabla sijamaliza kisogo cha mwalimu, ilimrudia mwenyewe kwenye simu, imetumwa na mtu asiyejua kwamba imetoka kwake. Alitusomea maneno yaliyoandikwa chini yake kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari: "Huyu dada wa kusuka ni nani? Amesema kweli kuhusu shemeji."

Ndivyo nilivyoanza kuhakiki gemu. Mwalimu alifungua chaneli, Hajati akawa mpiga picha, na wateja wakawa wachezaji. Masharti yalikuwa hayo tu: ukija kusuka, unacheza gemu ambayo hujawahi kuicheza, mimi nasimama nyuma nasema ninachoona. Tulihakiki gemu ya mpira ambayo mwamuzi alikuwa hakosei, nikauliza watu watabishana nini sasa baada ya mechi. Tulihakiki gemu ya mapishi, na siku hiyo Hajati aliacha kupiga picha akaja mbele ya kioo, kwa sababu mpishi wa gemu alikaanga maandazi bila kusubiri unga uumuke. "Huyo hana mama," akasema, na watu waliipenda sentensi hiyo kuliko yote niliyosema mimi. Gemu ya mapishi ilinyolewa.

Watu wakaanza kuja saluni kwa ajili ya kukiona kile kioo cha kwenye video. Kulikuwa na mkulima kutoka Masakta aliyekuja kichwa kikiwa na upara, akakaa kwenye kiti, akasema yeye hataki kusukwa wala kunyolewa, anataka tu kucheza ile ya trekta. Nikamfunga kitambaa shingoni kama mteja mwingine. Alilima mpaka simu ikazima.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua. Baba na mama yangu hawana simu janja. Nikienda nyumbani, baba alikuwa ananiambia, "Tunasikia unaonekana kwenye simu. Sisi hatujakuona." Nikiwaonyesha kwenye simu yangu, mama alikuwa anaangalia kidogo, halafu anauliza kwa nini nimekonda. Kioo kilikuwa kidogo, maneno yalikuwa ya haraka, na gemu yenyewe hawakuielewa. Walicheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka.

Kwa hiyo mtangazaji wa redio alipoingia saluni, mwanamume mpole mwenye koti la ngozi, akasema anataka nihakiki gemu redioni kila Jumamosi asubuhi, nilikubali kabla hajamaliza. Baba ana redio. Analala nayo na kwenda nayo shambani.

Mwalimu ndiye aliyeuliza, "Lakini redio haina picha. Gemu wataionaje?"

"Nitawaambia," nikasema.

Jumamosi ile nilivaa gauni la kitenge ambalo Hajati alinichagulia, kana kwamba kuna mtu atakayeliona. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye zulia ukutani. Niliwekewa simu ya gemu mezani na maiki mbele ya mdomo. Taa nyekundu ikawaka. Mikono yangu ikawa haina kazi, na kumbe mikono yangu ikikosa kazi mdomo nao unasimama.

Nikaanza na salamu, maana salamu nilizijua. Nikawaambia shikamoo wazee wote wa Hanang. Nikawaambia shikamoo wazee wote wa Mbulu. Nikamsalimia baba, nikamsalimia mama, nikawasalimia walio shambani, walio jikoni, walio njiani kwenda mnadani, na wagonjwa. Mtangazaji akanionyesha kwa kidole simu ya gemu. Nikaanza kucheza.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kijana mwenye begi anayekimbizwa na mbwa juu ya mapaa ya nyumba. Ukigusa kioo, anaruka paa moja kwenda jingine.

"Sasa anaruka," nikasema. "Ameruka. Anaruka tena. Aa, ameanguka. Sasa anaruka."

Nilisema hivyo kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Hatimaye mtangazaji akafungua laini ya simu. Akaingia mzee mmoja, akasema anapiga kutoka Getanuwas.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali. Nani anaruka?"

"Ni kijana, mzee."

"Kijana wa nani?"

Nikasema hajatajwa.

"Na amekunywa nini?"

"Hajanywa kitu, mzee. Anakimbizwa na mbwa."

"Ungesema mapema. Amewafanya nini hao mbwa?"

Nikatazama ile simu kama naiona mara ya kwanza. "Sijui," nikasema. "Ana begi."

Nilisikia ng'ombe wa mzee wakilia nyuma. "Basi begi lina nyama," akasema. "Mwambieni aliache." Akakata simu.

Nilitoka studio nikiwa nimeloa jasho. Mtangazaji hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea zulia la ukutani, anafuta machozi ya kicheko. Nje, simu yangu ikaita. Alikuwa baba, kwenye simu yake ya vitufe.

"Tumekusikia," akasema. "Salamu zilikuwa nzuri sana."

Akaaga, akisema anarudi shambani.

Wiki ile yote niliyafikiria maswali ya yule mzee. Hajati aliyaona ni matusi. Mwalimu aliona ni somo. Alisema, "Mzee amekuuliza maswali ya mtu anayesimuliwa hadithi. Nani, wa nani, anakimbia nini, ana nini mkononi. Wewe ulikuwa unamwambia vidole vyako vinafanya nini." Nikamwambia kama anajua sana aje yeye kwenye maiki. Akasema atakuja, na nywele atazifumua kesho, ili nipate cha kushika.

Jumamosi iliyofuata tulibeba kiti cha saluni mpaka studio. Fundi mitambo aliuliza kama tunahamia. Mwalimu akakaa, mimi nikasimama nyuma yake na chanuo, maiki ikaning'inizwa kati yetu, na nilipogawa nywele za kwanza mdomo ukafunguka wenyewe. Niliogopa kidogo Kiswahili changu, maana kina milima ndani yake, kinapanda na kushuka kama lugha ya kwetu, na watangazaji niliozoea kuwasikia wanaongea tambarare. Mtangazaji alikuwa ameniambia, "Ongea kama unavyoongea saluni. Hao wanaosikiliza nao wana milima."

Nikamsimulia kijana kuanzia mwanzo. Nikasema ni mrefu, amevaa viatu vilivyoisha soli, na kwa jinsi anavyoruka anaonekana ni mtoto wa mwisho, kwa sababu hajawahi kubeba kitu kizito maishani. Nikasema mji wenyewe hauna mtu chini, mapaa tu, na sijui waliopiga mabati yote hayo walikwenda kuishi wapi. Mwalimu alicheza na kupiga kelele za kuogopa, za kweli kabisa. Mbwa nikampa mwendo, nikampa njaa, nikampa mwenye mbwa ambaye yuko nyumbani anamwita bila mafanikio. Tulipofika mwisho, nikatoa hukumu kwamba gemu hii ni ya kusuka.

Mzee wa Getanuwas akapiga simu wa kwanza.

"Leo nimemwona," akasema. "Lakini alifika?"

"Hajafika, mzee. Gemu hii haina mwisho. Anakimbia mpaka aanguke, halafu anaanza tena."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na begi hajafungua."

"Hajafungua."

"Basi kipindi chenu hakijaisha," akasema.

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimehakiki gemu nyingi na sikuwahi kujiuliza kuhusu begi, na hata waliotengeneza gemu ile nadhani hawakujiuliza. Wiki baada ya wiki watu wakaanza kupiga simu kusema begi lina nini. Mama mmoja wa Dongobesh alisema ni mahari, kijana anaipeleka kwa wakwe na mbwa ni wa wakwe. Mwanafunzi akasema ni mitihani. Mtu wa Mbulu akasema ni redio ya jirani yake, ndiyo maana haisikiki tena. Mimi na mwalimu tukaanza kuigiza kila jibu, dakika chache mwanzoni mwa kipindi, Hajati akiwa sauti ya mbwa. Tulimwomba afanye sauti ya mama mkwe, akakataa. Alisema mama mkwe ameshakuwa vya kutosha nyumbani, anataka kuwa mbwa. Alibweka vizuri sana. Wajukuu zake walimpigia simu kutoka Babati kumpongeza.

Baba aliniambia kwamba Jumamosi asubuhi sasa mama anahamia palizi ya karibu na nyumba, ili asiikose redio. Aliniambia pia kwamba wakati wa kipindi majirani wanasimama kwenye uzio wao, kila mtu upande wake, na wakicheka wanaangaliana. Niliposikia hivyo nilikuwa nasuka bibi harusi, nikakosea mstari mmoja, ikabidi niufumue.

Wa Basotu ndio waliotuita jukwaani. Walikuwa na sherehe ya kumaliza mavuno, wakasema wametusikia sana, sasa wanataka kutuona. Mwalimu akauliza tutawaonyesha nini, maana hatuna skrini kubwa na gemu kwenye simu moja haitazamwi na kijiji. Tulikaa saluni tukafikiri. Hajati ndiye aliyesema, "Mbona rahisi. Mwalimu awe kijana. Watu wawe vidole."

Ikawa hivyo. Uwanjani, jirani na ziwa, walipanga meza na madawati na mikokoteni kuwa mapaa ya nyumba. Mwalimu alivaa suruali ya michezo na begi mgongoni. Mimi nilishika maiki. Kanuni ilikuwa kwamba haruhusiwi kusogea mpaka watu waseme. Wakisema "ruka", anaruka. Wakisema "inama", anainama. Wakibishana, anasimama pale pale, na Hajati, aliyevaa shuka la kahawia na masikio ya kitambaa, anamsogelea.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja mrefu, mwembamba, alikuja akisindikizwa na mke wake. Alisimama mbele yangu akanitazama kwa muda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe," akasema, na niliijua sauti kabla hajafika mwisho wa neno. Alikuwa mzee wa Getanuwas. "Nilidhani wewe ni mnene."

"Pole, mzee."

"Si kosa lako. Ni sauti." Akamgeukia mke wake. "Nilikwambia yupo kweli."

Mke wake akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniambia kwamba mzee anasimulia habari za kijana wa begi mnadani, na kuna watu wanaodhani ni mtu wa kweli, wa Mbulu.

Tukawapa kiti cha mbele.

Sijawahi kuona watu wakicheza gemu namna ile. Kwanza waliona haya. "Ruka," alisema mmoja, kwa sauti ya chini, mwalimu akaruka, na walipoona wanaweza kumrusha mwalimu wa shule kwa neno moja, uwanja mzima ukasimama. Kulia wakasema ruka, kushoto wakasema inama, mwalimu akainama katikati ya kuruka, akaanguka kwenye mkokoteni, akaanza upya. Wavuvi walikuwa kundi lao, wana mpangilio, mmoja anahesabu, wote wanasema pamoja. Wafugaji walimpa amri kwa miluzi. Mimi nilikuwa nahakiki kadiri ninavyoona: gemu hii ina kasoro, mchezaji ni mmoja na vidole ni kijiji kizima.

Mapumziko yalipofika, mwalimu aliweka begi chini akaenda kunywa maji. Wavuvi walikuwa wanaongea pamoja na kuangaliana. Sikujali.

Tulipoanza tena, mwalimu aliruka dawati la kwanza, na kutoka upande wa ziwa akaja mbwa. Si Hajati. Mbwa wa kweli, wa njano, kimya, ana mwendo wa mtu mwenye miadi. Nyuma yake akaja mwingine. Halafu likaja kundi zima.

"Ruka," uwanja ukasema.

Mwalimu hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Aliruka dawati, akaruka mkokoteni, akaruka meza ya waheshimiwa. Hajati aliwaona wale mbwa, akavua masikio, akakaa chini na wageni. Mimi nilishika maiki nikajaribu kusema, lakini kicheko kilinishika tumboni, nikatoa sauti tu. Yule mzee alikuwa amesimama juu ya kiti chake, fimbo juu.

"Nyama," alikuwa anasema. "Nilisema. Nilisema toka siku ile. Aliache begi."

Mwalimu akalitupa begi. Likafunguka. Ndani kulikuwa na perege, wabichi kabisa, wamefungwa kwenye gazeti, zawadi waliyoiweka wavuvi wakati wa mapumziko. Mbwa wakala zawadi yote pamoja na gazeti.

Nilimkimbilia mwalimu nikimwogopea. Alikuwa amelala chali juu ya mkokoteni, anahema, mikono imetanuka, nywele zote nilizomsuka zimefumuka. Nikamuuliza kama ameumia.

"Niambie kwanza," akasema, "ni ya kusuka au ya kunyoa?"

Nililala kwenye mkokoteni ule ule, tukacheka pamoja huku mke wa mzee akitupepea kwa khanga.

Wavuvi walituletea perege wengine, wa kukaanga, na ugali moto, tukala tukiwa tumekaa chini karibu na maji. Mzee alikula polepole. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Alisema Jumamosi atapiga simu kama kawaida, ila sasa kuna jambo jingine linamsumbua, lile shamba la ngano tulilolisimulia redioni wiki iliyopita, lisilo na ndege. Alitaka kujua kama kuna malisho ya ng'ombe pembeni yake, na kama mwenye shamba ni mtu wa kuongea naye.

Mwalimu akasema mwenye shamba ni yeye.

"Basi tutaongea," mzee akasema, akamsogezea kipande kikubwa cha samaki.